Kuangusha mti karibu na nyumba, ukuta au nyaya: maswali tunayoulizwa kila mara Mwanza

Karibu kila anayetuita, awe wa Bwiru au wa Buhongwa, anaanza kwa kuuliza bei. Hapa bei tumeiweka mwisho, kwa sababu haijulikani mpaka mengine yajibiwe.

## Kabla ya msumeno kuwashwa

1. Mwembe wangu uko mita nne kutoka kwenye nyumba. Unaangushwa mzima au unashushwa vipande?

Hizo mita nne peke yake hazitoshi kukujibu. Kinachoamua ni uwazi uliopo upande ambao mti utalala. Mti ukiwa na mita 12 na mbele yake kuna mita 18 zisizo na kitu, unaweza kuangushwa mzima hata kama umesimama mita mbili tu kutoka ukutani. Uwazi ukiwa mita 10, hauangushwi mzima, fundi awe nani.

Mwembe nao una shida yake, kichwa kipana. Shina linaweza kulala palepale ulipotaka huku tawi la pembeni likifagia kona ya bati. Kwa hiyo pima na upana wa kichwa, na matawi ya upande wa nyumba yashushwe kwanza kwa kamba. Ukishayatoa, umepunguza pia uzito uliokuwa ukiuvuta mti nyumbani.

Kwenye viwanja vya mita 20 kwa 20, miti mingi tunaimaliza kwa vipande. Watu hawalipendi jibu hili, maana linageuza kazi ya asubuhi moja kuwa ya siku mbili.

2. Nitajuaje urefu wa mti bila kuupanda?

Chukua kijiti chenye urefu sawa na umbali kutoka jichoni hadi kwenye ngumi yako, mkono ukiwa umenyooka. Kishike wima, kisha rudi nyuma polepole ukiutazama mti, mpaka ncha ya kijiti ilingane na kilele na ngumi ilingane na pale shina linapotoka ardhini. Hapo uliposimama ndipo kilele kitakapofika mti ukilala upande wako. Ongeza mita mbili au tatu, kwa sababu matawi makavu huvunjika na kurukia mbele.

Njia hii inadai wewe na shina muwe usawa mmoja. Wenzetu wa Mabatini, Igogo na Isamilo msirudi nyuma kwa kupanda wala kushuka mlima. Tembeeni mkiambaa na kilima.

3. Mti wangu umesimama wima kabisa. Si utaanguka popote ninapotaka?

Miti iliyo wima kabisa ni michache kuliko macho yanavyotuambia. Funga jiwe kwenye uzi, simama mbali, uninginize uzi mbele ya macho na ulinganishe na shina. Kisha zunguka robo duara urudie. Ukiangalia upande mmoja tu utadanganyika.

Shina likishapimwa, tazama kichwa. Mti uliooteshwa kando ya ukuta hukimbilia jua, kwa hiyo shina linaweza kuwa wima na matawi yote mazito yakawa upande mmoja. Mti huegemea kule uliko uzito wake.

Mti unaoegemea nyuma, yaani kinyume na unakotaka ulale, unarekebishika kwa kabari na kamba (maswali ya 9 na 10). Unaoegemea pembeni ndio unaotusumbua zaidi: ukiwa njiani kwenda chini, uzito unaipinda bawaba (ukanda wa mbao unaobakizwa bila kukatwa, swali la 6) kwa ubavu, upande mmoja unakatika mapema na mti unageuka angani. Huo ufungiwe kamba ya pili upande ulio kinyume na mwegemeo, au ushushwe vipande.

4. Mti niliupanda mwenyewe. Kibali cha nini tena?

Anza kwa mwenyekiti wa mtaa na mtendaji, kisha ofisi ya halmashauri yako. Kirumba, Pasiansi na Buswelu mko Manispaa ya Ilemela. Igogo, Mkuyuni na Butimba mko Jiji la Mwanza. Mazao ya misitu yanaongozwa na Sheria ya Misitu Na. 14 ya mwaka 2002, na ukitaka kusafirisha magogo au mkaa utaulizwa TP njiani, yaani kibali cha kusafirisha mazao ya misitu. Uliza kabla ya kukata. Gogo likishakuwa juu ya fuso, mazungumzo yanakuwa mengine.

5. Kwa nini mnang'ang'ania kuanza saa moja asubuhi?

Kwa sababu ya ziwa. Asubuhi hewa huwa imetulia. Jua likishapasha nchi kavu, upepo unaanza kutoka ziwani kuja huku, na mchana unaweza kukisukuma kichwa cha mkaratusi kama tanga. Tunapenda mti uwe chini kabla ya saa tano. Msimu mzuri ni kiangazi, Juni hadi Agosti. Mvua kubwa ikinyesha usiku, kesho yake hatuangushi mti uliosimama kwenye udongo mfupi juu ya jiwe.

## Mkato wenyewe

6. Kwa nini fundi anakata pande mbili? Si akate upande mmoja uanguke?

Ukikata upande mmoja, mti unachagua wenyewe. Utabana msumeno, au utapasuka, au utaenda kule kwenye uzito. Mkato wa mbele, tunaouita mdomo, unaupa mti nafasi ya kukunjia. Mkato wa nyuma unauachia. Kati ya mikato hiyo miwili unabaki ukanda wa mbao ambao haujakatwa. Huo ndio bawaba, na unafanya kazi kama bawaba ya mlango: unaacha mti uzunguke upande mmoja tu, polepole.

Kinachouelekeza mti ni ukanda huo uliobakizwa. Mtu anayejisifia chenisoo yake kali halafu akakata bawaba yote hana tena usukani.

7. Nipe vipimo. Mdomo uingie kiasi gani, bawaba iwe nene kiasi gani?

Tuchukue shina la kipenyo cha sentimita 40. Mdomo uingie moja ya tano hadi robo ya kipenyo, yaani sentimita 8 hadi 10. Bawaba iwe moja ya kumi, sentimita 4, na unene huo uwe sawa kutoka ncha moja hadi nyingine. Zilizobaki, kama sentimita 26 hivi, ni za mkato wa nyuma. Mkato huo uende usawa wa kona ya mdomo, pale mikato yake ya juu na ya chini inapokutana, au juu yake kidogo, sentimita 2 au 3. Usiende chini yake.

Mdomo uachame vizuri, nyuzi 70 hadi 90. Wengi wanafungua nyuzi 45 kwa sababu ndivyo walivyofundishwa. Mdomo ukifunga, bawaba inakatika. Ule mwembamba unafunga mti ukiwa nusu ya safari, na kuanzia hapo hakuna anayeuongoza. Kwenye shamba la wazi hilo si neno. Penye simtanki ya jirani, ni neno kubwa.

Hakikisha pia mikato miwili ya mdomo inakutana bila kupitana. Ule wa chini ukipitiliza hata sentimita mbili, umeshaikata bawaba bila kujua.

Kosa tunalolikuta zaidi ni hili: mtu amefika kwenye bawaba, mti hausogei, naye anaendelea kukata. Ukifika kwenye sentimita zako 4, acha. Kama mti hausogei, kazi iliyobaki ni ya kabari na kamba.

8. Naulengaje? Macho tu yanatosha?

Tafuta fito mbili zenye urefu sawa. Ncha ya moja iguse mwisho wa kulia wa kona ya mdomo, ya nyingine mwisho wa kushoto, kisha zikutanishe mbele. Pale zinapokutana ndiko mti unakoelekea. Pasipo sawa, rekebisha mdomo kabla hujagusa nyuma.

Usiseme tofauti ni ndogo. Kwa mti wa mita 15, ukikosea nyuzi 5 kilele kinaangukia mita 1.3 pembeni ya ulipolenga. Ukikosea nyuzi 10, ni mita 2.6, na hapo ukuta wa tofali umeshahusika.

9. Kabari kadogo vile kanasukuma mti mkubwa kweli?

Kanasukuma. Kwenye shina letu la sentimita 40, kutoka kwenye bawaba hadi ukingo wa nyuma ni kama sentimita 30. Kabari ikiinua nyuma kwa sentimita 2.5, kilele cha mti wa mita 15 kinasogea mbele kama mita 1.25.

Iingize mapema, mara tu kukiwa na nafasi nyuma ya msumeno, kabla mti haujakaa juu ya mkato na kuubana. Kabari ya mbao ngumu inafaa, ya mjohoro tunaipenda. Ya chuma usiiweke karibu na mnyororo unaozunguka.

10. Tukifunga kamba na vijana sita wakavuta, si inatosha?

Inategemea wameifunga wapi, na wanasimama wapi.

Kamba ifungwe juu, karibu theluthi mbili ya urefu wa mti. Kazi ya kwanza niliyowahi kuiharibu ilikuwa mwarobaini huko Nyegezi. Nilikuwa na haraka, ngazi ilikuwa fupi, nikafunga kamba mita mbili kutoka chini. Vijana walivuta kwa nguvu zao zote, shina likatii, kichwa kikakataa. Mti uligeuka ukakaa juu ya bati la choo cha jirani. Choo kilikuwa hakina mtu, namshukuru Mungu, lakini bati nilinunua mimi.

Wavutaji wasisimame ndani ya urefu wa mti. Kama mti una mita 15 na kamba ina 20, mmebakiwa na nafasi finyu mno, maana kamba inakula mita nyingi kupanda hadi ilipofungwa. Nunueni ndefu zaidi, au fungeni kapi kwenye mti mwingine mbele, kamba ipite hapo, watu wavute wakiwa pembeni kabisa. Mtu yeyote asijizungushie kamba mkononi wala kiunoni.

Kamba ikazwe kabla ya mkato wa nyuma, halafu ikae imekaza. Kuvuta kwa kurusha-rusha kunautikisa mti, na mti ukitikisika unaweza kurudi nyuma. Ndiyo maana hatupendi kufunga kamba kwenye gari. Dereva hasikii, anaondoka kwa kishindo, kamba inakatika na inarudi kama mjeledi. Winchi ya mkono ni ya polepole, na upole huo ndio tunaoutaka.

11. Ukianza kwenda, nikimbilie wapi?

Usikimbie. Ondoka kwa haraka kwenye njia uliyoifyeka kabla ya kuanza, ukielekea nyuma na pembeni, nusu ya pembe mraba kutoka nyuma ya mti. Nyuma moja kwa moja usikae, kwa sababu shina linaweza kuruka juu ya kisiki likarudi huko. Nenda mita tano au zaidi huku macho yakiwa juu. Matawi yaliyokatika huchelewa kuanguka.

Wasio na kazi wakae mbali mara mbili ya urefu wa mti. Mtaani kwetu hii ndiyo sehemu ngumu kuliko zote, watoto wakisikia chenisoo wanakuja kama wameitwa harusini. Tunaweka mtu mmoja ambaye kazi yake ni kuwazuia tu.

12. Sina chenisoo. Shoka na msumeno wa mkono vinafaa?

Vinafaa sana. Chonga mdomo kwa shoka, mkato wa nyuma uende na msumeno wa watu wawili. Vipimo ni vilevile vya swali la 7. Unachoma muda, lakini unausikia mti unapoanza kulia. Panga libaki kwenye matawi.

## Kulingana na kizuizi

13. Matawi yanagusa waya wa umeme. Mnaweza kuja kukata?

Hapana. Piga TANESCO kwanza, namba 180. Laini za kilovolti 11 na 33 zinazopita barabarani haziko ndani ya plastiki, na tawi bichi linapitisha umeme. Hata huo waya mdogo unaoingia kwako, wenye volti 230, unaua. Wakizima na kuthibitisha kwamba wamezima, au wakishusha waya wa nyumba, ndipo tunapanda.

Hesabu ni ileile ya urefu. Kama waya uko ndani ya urefu wa mti kwa upande wowote, si upande wa kulenga peke yake, tunauhesabu kuwa kizuizi. Mti unaweza kugeuka.

Ikitokea mti umeshalala juu ya waya, usiuguse, usiguse fensi ya chuma iliyogusana nao, wala usisogee kumvuta mtu. Kaa mbali mita 10 au zaidi, zuia wapita njia, piga namba hiyohiyo. Kama kuna moto au mtu amenasa, Zimamoto ni 114. Uliye karibu tayari, ondoka kwa hatua fupi za kuburuza nyayo zikiwa zimeshikana, usipanue miguu, kwa sababu udongo nao unaweza kuwa na umeme.

14. Mti umeinamia moja kwa moja juu ya bati. Kamba itaurudisha?

Ukiwa umeinama kidogo na ni mwembamba, ndiyo. Ukiwa umelala juu ya paa kabisa, hapana. Huo unapandwa, matawi yanafungwa kamba moja moja, yanashushwa kwa kapi, kisha shina linakatwa kuanzia juu. Kila kipande kifungwe kabla ya kukatwa. Kipande cha mkaratusi chenye urefu wa mita moja kikidondoka kutoka mita saba, bati halikizuii, wala dari.

15. Nyumba iko kilimani, mti umeota juu ya jiwe. Kuna tofauti?

Ipo, na Mwanza ndiko ilikojaa. Udongo juu ya miamba yetu ni mfupi, mizizi inatambaa juu ya jiwe badala ya kuzama. Mti kama huo unaweza kung'oka mzima ukiuvuta kabla ya kuukata vya kutosha, na ukishang'oka bawaba haina kazi. Kamba ya huko ivutwe kwa upole zaidi.

Usiuangushe kuelekea bondeni kama una njia nyingine. Unasafiri mbali zaidi, unapiga kwa nguvu zaidi, halafu unateleza kwenye mlango wa mtu. Ulaze ukikingama mlima, na magogo uyawekee mawe kabla hujayakata.

Usiharakishe kung'oa kisiki. Mizizi mingine ndiyo inayoshikilia udongo chini ya jiwe, na chini ya jiwe hilo kuna familia imelala.

16. Kiwanja changu kiko ufukweni, Luchelele. Naweza kuuangushia ziwani ili usigonge nyumba?

Wazo linaonekana jepesi mpaka utakapojaribu kutoa gogo bichi majini. Tena Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, kwa hiyo eneo hilo uliza halmashauri kabla hujakata hata tawi. Kibali kikipatikana, rudi swali la 14.

## Mambo yakienda kombo

17. Msumeno umebanwa katikati ya mkato. Nifanyeje?

Zima mashine. Usiivute kwa nguvu. Mti umekaa nyuma, kwa hiyo dawa ni kabari upande mwingine wa mkato, au kamba ikazwe mbele. Chenisoo inanunuliwa nyingine.

18. Mti umenaswa na mti mwingine, haufiki chini.

Hapa watu hufa wakidhani hatari imepita. Usipite chini yake, usiupande, na usikate ule ulioushikilia. Funga kamba chini ya shina, uvute kitako kurudi nyuma kwa winchi, ukiwa mbali. Ukishindwa siku hiyo, weka alama, zuia watu, urudi kesho na vifaa.

19. Nimesikia mti unaweza kupasuka na kumpiga mkataji. Ni kweli?

Kweli. Inatokea kwa mti unaoegemea sana mbele, hasa mkaratusi. Ukikata nyuma polepole, uzito unaanza kuuvuta kabla hujafika kwenye bawaba, shina linapasuka wima kwenda juu, na nusu ya nyuma inapiga kama teke la punda. Mafundi wazoefu huchoma ncha ya msumeno katikati ya shina, wanatengeneza bawaba kutoka ndani, wanaacha mkanda mdogo nyuma na kuukata mwisho. Ncha ya chenisoo ikigusa vibaya inaruka usoni, kwa hiyo hili usijifunzie nyumbani. Kufunga mnyororo mzito kuzunguka shina juu ya mkato kunasaidia.

20. Nikigonga shina linalia kama ngoma.

Lina uwazi ndani, au mchwa wamekula. Bawaba yake huwezi kuiamini. Shusha vipande, na anayepanda asifunge mkanda wake kwenye shina hilo. Mpapai uko hivyo tangu kuzaliwa. Mnazi na mitende ya mapambo nayo haina mbao inayokunjika vizuri kama bawaba, na kichwa chake ni kizito.

21. Kuna nyuki, au viota vya kongoti.

Nyuki kwanza: mwite mrina asali, usiku. Mtu aliye juu ya ngazi na chenisoo mkononi hana pa kukimbilia. Kongoti wakiwa na makinda, subiri waruke, kama mti hautishii mtu.

22. Upepo wa usiku umeung'oa mti, mizizi iko juu. Huo si rahisi zaidi?

Unaonekana rahisi. Ukikata shina, lile sahani la mizizi na udongo linaweza kurudi shimoni kwa ghafla. Mtoto akiwa anacheza ndani ya lile shimo, hutamwona. Funga kisiki kwa kamba kabla ya kukata, na kata ukiacha kipande kirefu.

23. Basi bei ni kiasi gani?

Inategemea majibu ya swali la 1, la 3 na la 13. Tukifika tunapima, tunakuambia mzima au vipande, na tunaandika karatasi moja: nani atalipa bati likitoboka, nani atatoa takataka, na jirani amekubali tupitishe kamba kwake. Andikeni pia kuni ni za nani. Kwa miaka yote hii, ugomvi wa kuni tumeuona mara nyingi kuliko ugomvi wa bati.